Sauti ya makuta na sauti ya takataka



Siku hizi kuko chombo kinachotembea sana katika machimbo yetu. Ni fimbo moja yenye sahani ya mviringo kule chini, na mwenye kuibeba amevaa kaske kwenye masikio kama mutu wa radio. Wamoja wanaiita detekteri, wengine wanasema "aparei" tu, na kila mutu anafahamu. Vijana wanakusanya feza, watano ao sita, wanainunua, kisha wanaanza kutembea asubuhi mpaka jioni. Nyuma ya majuma mawili mufuko umejaa: misumari, vifuniko vya bia, vipande vya mabati, buate za sardini. Mama anauliza: "Zahabu iko wapi?" Kijana anajibu: "Mama, aparei inalia, lakini inalia bule."

Haikulia bule. Ilisema kweli, ila kijana hakujua luga yake. Mwezi huu tutajifunza luga hiyo. Na hatutaanzia kwa zahabu, tutaanzia kwa makuta ya zamani, zile sarafu za wababu zetu. Juu ya nini? Kwa sababu punje za zahabu hazifanani, moja ni kubwa na ingine ni ndogo, kila moja ina sura yake. Lakini sarafu zilitengenezwa kwa kipimo kimoja. Ukiisha kujua sauti ya moja, umejua sauti ya zote za namna ile. Kwa hiyo sarafu ni masomo ya kwanza ya sikio.

Kwanza tuone ginsi aparei inavyofanya. Ndani ya ile sahani kuko waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, ndiyo bobini. Batri inapeleka umeme ndani yake, umeme unaogeuka-geuka maelfu ya mara kwa sekunde moja, na kutoka hapo nguvu ya sumaku inashuka katika udongo. Nguvu hiyo ikikuta kitu cha chuma, umeme kidogo unaanza kuzunguka ndani ya kitu hicho, nacho kinarudisha nguvu yake mwenyewe, kwa kuchelewa kidogo. Bobini ya pili inasikia jibu lile. Feza na mukuba zinapitisha umeme vizuri sana, jibu lao linachelewa zaidi. Karatasi nyembamba ya sigara, ile yenye kung'aa, inachelewa kidogo tu. Chuma cha kweli, kile kinachokamatwa na sumaku, kinajibu kwa namna ingine kabisa. Aparei inapima kule kuchelewa, kisha inageuza kuwa sauti: nene kwa chuma, nyembamba na ya juu kwa mukuba na feza. Nyingi zinaonyesha pia namba kwenye kioo. Lakini namba ya aparei ya rafiki yako si lazima ifanane na ya kwako, usizichanganye.

Sasa shika neno hili vizuri. Aparei haijui franka wala zahabu. Haijui kitu kina bei gani sokoni. Inajua tu kama kitu kinapitisha umeme vizuri ao vibaya, unene wake na upana wake, na kama kiko karibu ao mbali. Ndiyo maana kipande cha buate ya aluminyumu kinaweza kulia sawasawa na sarafu, na aparei haikudanganyi hapo.

Wengine watauliza: sarafu zinatoka wapi, na sisi tunatumia karatasi? Hapo ndipo historia yetu inasaidia. Tangu franka ya Kongo ilirudi mwaka 1998, tunalipa kwa karatasi tu. Hata sentimu zake zilikuwa karatasi. Sarafu za Zaire zilipotea katika ile miaka ya 1990, wakati bei zilipokuwa zinapanda kila juma. Basi sarafu yoyote utakayoipata katika udongo ni ya zamani. Hakuna mutu aliyeiangusha jana. Na kwa kuwa ni ya zamani, mara nyingi iko chini kuliko takataka za leo. Hilo peke yake linasaidia sana: sauti kali inayotoka sintimetri 2 chini ya majani, pembeni ya bar, inakuwa kifuniko cha bia. Sauti ndogo, safi, inayotoka sintimetri 15, unapashwa kuiheshimu.

Sarafu zetu ni za jamaa nyingi. Za kwanza zilitengenezwa miaka ya 1887 na 1888, wakati wa Leopold II: zile za sentimu zilikuwa za mukuba, na tundu katikati pamoja na nyota, zile za franka zilikuwa za feza, na ile ya franka 5 ilikuwa na gramu 25. Hizi zote zinalia juu kabisa, sauti safi kama kengele ndogo. Kisha ikaja Kongo ya Wabelgiji na sarafu za mukuba uliochanganywa na nikeli, nyeupe, nyingine zenye tundu pia. Angalia hapo: ni nyeupe kama feza, lakini hazilii kama feza hata kidogo. Ule mchanganyiko unapitisha umeme vibaya, kwa hiyo sauti yake inashuka chini, karibu na karatasi ya sigara na vipete vya kufungulia buate za kinywaji. Watu wengi wanaziacha, wakisema "takataka hii." Mwaka 1943, kwa vita, zilitengenezwa franka 2 za shaba ya manjano zenye pembe sita na picha ya tembo, hizi zinalia katikati. Mwaka 1944 kulikuwa franka 50 ya feza, na tembo vilevile. Miaka ya 1950 ikaleta aluminyumu, nyepesi kama jani. Katanga ilipojitenga, mwaka 1961, ilitoa franka 1 na franka 5 za shaba nyekundu, upande mumoja ndizi, upande mwingine ule musalaba wa mukuba. Kisha Zaire, tangu 1967, na makuta na sengi: zile ndogo za aluminyumu, makuta 5 ya mukuba na nikeli.

Wazee wetu bado wanazo katika masanduku. Omba babu akupe tatu ao ine kwa kitambo, usizipoteze. Ziweke juu ya meza ya mbao isiyokuwa na misumari, mbali na mabati ya nyumba, na pitisha sahani juu yake pole pole. Sikia. Andika katika kaye: hii namba gani, hii sauti gani. Kisha fanya vile vile kwa kifuniko cha bia, musumari ulionyooka, musumari uliopinda, kipete cha buate, jiwe la toshi, risasi iliyokwisha kulipuka kama iko nyumbani. Mutu aliyefanya kazi hiyo jioni mbili anajua kupita yule aliyetembea mwezi muzima bila mwalimu. Nyuma yake zika sarafu moja katika parseli yako, sintimetri 10, weka alama, na pita juu tena. Utashangaa: ile sauti uliyosikia mezani imekuwa ndogo na imechoka kidogo. Sasa umejua namna inavyosemwa kutoka chini.

Tutoke inje. Unatembea, sahani iko karibu na udongo bila kuugusa, mukono unaenda kuume na kushoto kwa utaratibu. Vijana wengi wanapiga mbio kama wanafyeka majani. Aparei haina wakati wa kujibu. Polepole, na kila safari ikanyage nusu ya safari iliyopita.

Umesikia kitu. Usichimbe bado. Pita tena juu yake, kwenda na kurudi. Sarafu ya kweli inajibu pande zote mbili, sauti ile ile, mahali pale pale. Takataka ya chuma mara nyingi inajibu ukienda, ukirudi inanyamaza ao inakohoa. Kisha zunguka wewe mwenyewe robo ya duara, simama upande mwingine wa kitu, pitisha tena. Hapa ndipo misumari inajulikana. Sarafu ni ya mviringo na inalala kifudifudi mara nyingi, upande wowote utakaosimama inakuonyesha sura ile ile. Musumari ni murefu: upande mumoja inalia vizuri, hata kwa sauti ya juu inayodanganya, upande mwingine inavunjika-vunjika, ao inatoa sauti mbili, moja kwa kichwa na moja kwa nchani. Ikifanya vile, pita njia yako.

Kuko alama ingine, na mimi naipenda kuliko zote: mwisho wa sauti. Sauti ya sarafu inaanza na kuisha kwa ukali, kama neno fupi lililosemwa wazi. Ya takataka inaanza na mikwaruzo, inaisha na mikwaruzo, kama radio isiyokaa kwenye stesheni yake. Ukizoea sikio lako, hutahitaji kuangalia kioo sana. Wachimbaji wazuri ninaowajua wanaangalia kioo nyuma ya kusikia, si mbele.

Kisha inua sahani pole pole, sintimetri 5, 10, 15. Sarafu inapotea haraka, kwa kuwa ni ndogo. Ukiinua mpaka kwenye magoti na sauti ingali ile ile, hapo chini hakuna sarafu, kuko kitu kikubwa: buate, kipande cha bati, kichwa cha jembe, ao bomba ya maji ya kambi. Na pima upana vilevile. Sarafu inakaa mahali padogo kama kiganja. Sauti inayojaa upana wa mikono miwili si ya sarafu moja.

Kifuniko cha bia kinastahili neno lake peke yake, kwa sababu Simba na Tembo zimejaza Katanga nzima vifuniko, Mungu atusamehe. Kile kifuniko ni cha chuma chembamba, cha mviringo, kina upana wa sarafu, na kinatoa sauti ya juu kabisa, kwenda na kurudi, robo ya duara, vyote. Anajua kujifanya! Lakini kuko hila moja. Ukisikia sauti nzuri, usibaki katikati. Sogeza sahani pole pole ili kitu kipite chini ya ukingo wake, kule mwisho kabisa. Sarafu ya mukuba itaendelea kuwa na sauti yake ya juu mpaka inapotea. Kifuniko kitashuka, kitaanza kunguruma kama chuma, kwa maana ndiyo asili yake. Jaribu hilo nyumbani kwanza.

Chuma kikubwa chenye kutu kinafanya uongo wa namna hiyo hiyo. Kipande kinene cha reli ao cha gari la zamani kinaweza kukupa sauti ya feza. Lakini hiyo sauti haikai mahali: ukirudi imehama sintimetri 10, namba zinaruka-ruka juu na chini. Sarafu hairuki hivyo. Namba zake zinacheza kidogo tu, mbili ao tatu.

Aluminyumu ndiyo ngumu kuliko zote, nisiwadanganye. Kipande cha sufuria iliyovunjika kinaweza kulia safi, pande zote, mahali padogo, mwisho mukali. Hapo sikio halina dawa. Unachimba. Mwenye detekteri asiyekubali kuchimba aluminyumu ataacha sarafu nyingi katika udongo, na, kama tutakavyoona, zahabu pia.

Sasa juu ya udongo wetu wenyewe. Vitabu vya aparei hizo viliandikwa na watu wa inchi ambazo udongo wake ni mweusi na laini. Kwetu udongo ni mwekundu, umejaa chuma cha asili. Aparei inausikia ule udongo wote kama kitu kimoja kikubwa kinachonguruma. Kwa hiyo kila unapoanza mahali papya, unapashwa kusawazisha aparei na udongo: tafuta mahali pasipo na kitu, shusha na kuinua sahani mara nyingi, geuza kitufe mpaka inyamaze. Nyingi za leo zinafanya peke yake ukishika kitufe kimoja. Ukisahau hilo, utachimba "sarafu" ambazo ni udongo mutupu. Na katika udongo mwekundu usingojee kusikia mbali kama vitabu vinavyosema. Karibu na vilima vya mabaki ya viwanda vya mukuba ni vibaya zaidi, kwa kuwa yale mabaki meusi yamejaa chuma na kila jiwe linaimba. Nenda pahali pengine, usipoteze batri.

Kuko aparei za namna ingine, zinazopeleka umeme kwa mapigo mafupi. Hizo zinavumilia udongo mwekundu vizuri kuliko zile za kwanza, na zinashuka chini zaidi. Lakini hazijui kutenga chuma na zahabu vizuri. Mwenye nayo anachimba karibu kila kitu. Ni kazi ya mutu mwenye mugongo wa nguvu.

Tumefika kwa jambo lenye kunitia mashaka zaidi, kwa sababu feza za jamaa zinapotea hapo. Wauzaji wengine wanazunguka katika machimbo wakisema aparei yao inaona mukuba, kobalti, koltani, kasiteriti. Sikieni vizuri, wazazi. Malakiti, lile jiwe la kijani, lina mukuba ndani, ndiyo. Lakini mukuba ule umeungana na vitu vingine, haupitishi umeme kama waya. Aparei ya sarafu haiusikii. Jiwe jeusi la kobalti ni vile vile. Koltani vile vile, kasiteriti vile vile. Chukua malakiti kubwa kama mukate, weka chini ya sahani: haitalia kama chuma, na kama ikinguruma kidogo ni kwa sababu ya chuma kilichomo. Mukuba wenyewe wa asili, ule uliokwisha kuwa chuma, unalia, lakini huo haupatikani kila siku.

Na zahabu? Zahabu inalia. Lakini zahabu nyingi ambayo ndugu zetu wanaosha katika mito ni vumbi na punje ndogo kama mbegu za tumbako, na aparei haisikii vumbi hata likiwa nyingi katika beseni. Inasikia punje nene. Tena punje ya kadiri, ya nusu gramu ao gramu moja, hailii juu kama feza. Inalia chini, pale pale ambapo karatasi ya sigara inalia. Kwa hiyo aparei uliyoifunga isisikie takataka ndogo, umeifunga pia isisikie zahabu. Kijana wa sarafu anaweza kuchagua sauti. Kijana wa zahabu hana ruhusa hiyo, anachimba kila kitu kisichokuwa chuma wazi, na anachimba mahali ambapo takataka ni chache, mbali na kambi na soko. Msisahau pia kwamba Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamuomba mchimbaji wa mukono awe mutu muzima, mwenye karte, na katika eneo lililotengwa. Mutoto wa masomo haruhusiwi, hata kama ndiye mwenye sikio nzuri kuliko wote.

Kuna uongo ingine mkubwa kuliko ule wa koltani. Ni ile fimbo ya waya mbili, ao bastola yenye antena, ambayo wanasema inaona zahabu mita 500, hata mlima mwingine. Haina bobini, mara nyingine haina hata batri. Mukono wako ndio unaoisogeza bila wewe kujua. Msifikiri ni wanyonge peke yao wanaodanganywa. Mwingereza mumoja, James McCormick, aliuza vitu vya namna hiyo kwa serikali, zaidi sana Irak, akisema vinaona mabomu. Vilitokana na kichezeo cha kutafuta mipira ya golfu. Watu walisimama barabarani navyo wakipekua magari, na mabomu yakapita. Mwaka 2013 tribinali ya London ilimpa miaka 10 ya gereza.

Namna ya kumpima muuzaji ni rahisi, na haiombi elimu. Chukua vikombe 10 vya plastiki, vifunike juu ya meza. Muuzaji atoke inje. Ficha pete ya zahabu ya mama chini ya kimoja, wewe pia uondoke, mutu mwingine asiyejua abaki. Muuzaji aingie na kutafuta. Fanyeni mara 10. Aparei ya kweli itapata mara zote 10. Fimbo ya uongo itapata mara moja tu, kwa bahati. Muuzaji akikataa, akisema "aparei haipendi majaribu" ao "lazima muwe na imani", mulinde feza yenu. Imani ni ya Mungu, si ya fimbo.

Sasa tuongee juu ya sauti ambayo hamupashwi kuichimba kabisa. Inchi yetu imeona vita. Katanga ilipigana toka 1960 mpaka 1963, Kolwezi ilikuwa na vita 1978, na tangu 1996 upande wa mashariki umepita vita juu ya vita. Udongo umeshika vyote hivyo. Risasi iliyokwisha kutumika ni ya shaba ya manjano, inalia sawasawa na sarafu ya tembo, na hiyo haina neno. Lakini palipo risasi nyingi pamoja, panaweza kuwa na grenadi ao bomu lisilolipuka. Ukiona sauti kubwa, nene, mahali palipopigwa vita, ao ukianza kuchimba na kuona chuma cha mviringo, chenye mabawa, chenye rangi ya jeshi, acha mara moja. Usivute, usigonge, usimwage maji. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, weka alama inayoonekana mbali, zuia watoto, na pelekea chifu, polisi ao watu wanaoondoa mabomu habari. Tena jueni hili: kuko mabomu ya kukanyaga yaliyotengenezwa na plastiki, chuma chake ni kidogo sana. Aparei ya sarafu inaweza kupita juu bila kusema neno. Basi mahali panaposemwa pana mabomu, aparei ikinyamaza, hiyo haina maana kwamba njia ni salama. Kijana asiseme, "Papa, nina detekteri, nitatangulia."

Na sauti moja ya kuheshimu. Wababu wetu walikuwa na makuta yao mbele ya Leopold: misalaba ya mukuba. Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, wachimbaji wa historia walifungua makaburi ya zamani, kwanza mwaka 1957, na nyuma yake profesa Pierre de Maret aliendelea. Waliona misalaba katika makaburi, na kadiri miaka ilivyopita, misalaba ikawa midogo, mingi, na yenye kipimo kimoja. Ndiyo alama kwamba ilikuwa imegeuka kuwa feza ya kweli ya kununua na kuuza, mbele ya Muzungu yeyote kufika huko. Tuliweza kujua hilo kwa sababu kila musalaba ulipatikana mahali pake, pembeni ya mukono ao kifua cha marehemu. Kama kijana angeuchimbua usiku na kuuuza Lubumbashi, ungekuwa kipande cha mukuba tu, na sisi tusingejua neno. Musalaba unalia juu sana, na sauti yake ni pana kuliko ya sarafu. Ukipata kimoja, na vyungu vilivyovunjika pembeni, ao mifupa, funika. Peleka habari kwa chifu na kwa watu wa Musée ya Lubumbashi. Sheria ya 1971 juu ya mali ya utamaduni inalinda vitu hivyo, lakini hata bila sheria, kaburi ni kaburi.

Tumebaki na swali ambalo vijana wanauliza kila mara: nikiisha kupata sarafu, niisafishe namna gani? Wengi wanaisugua kwa muchanga na ndimu mpaka ing'ae. Musifanye hivyo. Ule ukijani juu ya mukuba wa zamani ndio ngozi yake. Mununuzi anayejua atalipa kidogo sana kwa sarafu iliyosuguliwa, na maandiko yanapotea. Loweka katika maji safi siku moja ao mbili, toa udongo kwa kidole ao kwa kijiti laini cha mti, kausha kwa kitambaa, weka katika bahasha ya karatasi na andika juu yake mahali ulipoipata na kina chake. Usiiweke katika plastiki ingali na maji. Kisha rudisha udongo katika tundu, kanyaga, weka majani juu. Mwenye parseli akipita kesho asijue hata kama ulifika, na siku ingine utakapoomba ruhusa, atakubali.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya mizani ya wanunuzi wa zahabu, na zile njiti za kiberiti wanazozitumia kama vipimo.